Ndege Uliyodhani Iko Sur

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia, lakini mkono wangu haujui kukuandikia bila ya kuanza hivyo.

Ni mie Zuwena. Niko Nizwa, chumbani mwako, juu ya kitanda ulichokuwa ukilalamika kuwa ni laini mno. Miezi minne imepita tangu wakuzike Ibra. Nakuombea dua kila siku, na kila siku dua inanikwama pahala pale pale, kwa sababu kuna jambo nilikwambia nalo halikuwa kweli. Ile ndege haiko Sur, Baba. Haijapata kufika Sur. Hakuna skuli iliyoichukua.

Basi. Nishasema. Sasa niache nikueleze, maana ukiwa hai sikukueleza.

Ulikuja huku Omani kijana kutoka Unguja, una Kiingereza chako cha skuli, wakakuchukua jeshini kusomea ufundi wa ndege. Miaka kumi na moja uliitumikia ndege moja, namba kumi na saba, ukiisema nyumbani kama mtu anavyomsema mtoto mkaidi anayempenda. "Leo kanitia maji ya moto," ukisema, na Mama akijua ni ndege, si mtu. Kisha ndege zile zikachoka, na wewe ukastaafu, tukahamia Ibra.

Ndipo kampuni moja ya oili ya gari ilipofanya shindano lake. Mtu akinunua mkebe aandike jina lake nyuma ya karatasi ya mkebe, atie sandukuni pale kituo cha petroli. Zawadi tatu za juu zilikuwa ndege tatu za kivita, zimeshatolewa injini na silaha. Watu wote walicheka. Wewe hukucheka. Ukawa unabadilisha oili ya gari ambayo haijafika hata wiki mbili, mpaka Mama akasema, "Seif, hata mchuzi wangu sasa unanuka gereji." Ukamjibu, "Huenda nikaipata kumi na saba yangu."

Ukapata moja, lakini siyo ile. Ulipata namba tisa.

Nakumbuka ilivyoshushwa kwenye trela, nyuma ya nyumba, pembeni ya ukuta wa shamba la mitende. Ulipanda ngazi na kanzu yako nyeupe ya dishidasha, ukashuka na mikono myeusi mpaka vifundoni, unacheka. Ukamwuliza dereva wa trela, "Na hizo mbili zimekwenda kwa nani?" Hakujua. Ukanigeukia: "Zuwena, siku moja tutazitafuta, mie na wewe." Nikasema inshaallah. Ile inshaallah ya mtu asiyetaka.

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, ulikuwa unaiosha kwa sponji. Wenzangu skuli wakaniita binti wa rubani, kwa kejeli. Halafu wazee wa Khalfan wakaja kutoka Nizwa kuniposa. Mama yake akaiona dirishani, akaniuliza, "Hii ni nini, mwanangu?" Nami nikasema, "Ya jirani."

Ulikuwa nyuma yangu, umeshika dele la kahawa. Ulimimina vikombe vyote, ukawakaribisha tende. Siku ile hukusema neno, na wala baadaye hukusema.

Nilidhani hiyo ndiyo aibu kubwa nitakayokutia maishani. Kumbe bado.

Mama alipofariki na wewe ukapooza upande, nikakuleta hapa kwangu. Ndugu yangu Hamed yuko Maskati na kazi yake, nyumba ya Ibra tukaipangisha. Mpangaji akataka ule uwanja wa nyuma aweke magari. Mnunuzi wa vyuma chakavu akanipigia, anauliza kama aje kuichukua ndege. Sikumwuliza Hamed. Sikukuuliza wewe, na ulikuwa chumba cha pili. Nilisema ndiyo nimesimama jikoni, simu nimeibana begani, nakoroga uji wako.

Wiki ile ile ukaniuliza kwa ule ulimi wako mzito, "Nani anaiosha?"

Baba, sikupanga. Nilifungua mdomo, ikatoka skuli. Nikasema skuli moja ya Sur wameiomba, wameiweka mbele ya lango, watoto wanasomeshwa kwayo. Ukalia. Sikupata kukuona ukilia, hata siku ya Mama. Ungekasirika, pengine ningekwambia ukweli pale pale. Lakini ulifurahi, na ile furaha yako ikanifungia mlango.

Ukataka tumwandikie mwalimu mkuu. Ukawa unasema, mimi naandika: Sur iko baharini, chumvi inakula bati, waioshe kwa maji baridi kila wiki. Matundu ya mbele wayazibe kwa kitambaa, ndege wa angani wasijenge viota ndani. Watoto wasikanyage ncha za mbawa. Niliandika yote kwa hati nzuri. Ukawa kila siku unauliza kama jawabu limekuja. Baada ya wiki tatu nikaliandika mwenyewe, nikalichapa ofisini skuli kwetu ninakosomesha, nikatia na saini niliyoizua. Nikakusomea. Ukasema, "Rejea pale pa watoto." Nikarejea. Ile karatasi ukaiweka chini ya mto, na tulipokuja kuondosha mashuka yako ilikuwa pale pale, imelainika kama kitambaa.

Na ulikuwa ukiomba nikupeleke. Mara nikasema joto, mara mitihani ya wanafunzi, mara mgongo wako hautahimili njia. Miaka miwili nilikupa sababu.

Siku ya tatu ya msiba akaja Ami Said, mwenzako wa kambini. Alikuwa amekonda, fimbo mkononi. Akaniambia, "Mwanangu, nipelekeni Sur nikaione. Seif alikuwa akinisimulia kwenye simu kila wiki." Unajua nilisema nini? Nilisema, "Haya, Ami." Hata wewe umeshazikwa, bado nilishindwa.

Khalfan akaendesha, Ami Said mbele, mimi nyuma. Tulipoipita Ibra nikaona barabara inakwisha na mimi sina pa kujificha. Nikasema, "Ami, hakuna ndege. Niliiuza ikakatwa." Akamwambia Khalfan asimame. Akashuka, akasimama kando ya njia akitupa mgongo, malori yanampita. Niliogopa kumfuata. Aliporudi kwenye kiti nikamwuliza lile nililokuwa nikilitamani: kama wewe ulijua. Nilitaka aniambie ulijua, ukanistahi tu.

Akasema, "Hapana. Alikuwa akikuamini."

Akaiweka fimbo yake baina ya magoti. Kisha akasema, "Geuza gari. Tuzitafute zote tatu. Angalau hilo mfanyie."

Tukaanza na yako. Pale sanaiya ya Ibra, mtaa wa magereji, kwenye uwanja wa vyuma, kuna mfanyakazi mmoja mtu mzima aliyeikumbuka. Alisema walitumia siku mbili, kwa sababu ilikuwa haikatiki upesi. "Aliyeifunga misumari ile," akasema, "alikuwa fundi." Vipande vilipakiwa vikaenda kuyeyushwa. Akatuonesha pahala ilipolazwa. Palikuwa na rundo la majokofu mabovu.

Ya pili, kwa kuuliza uliza njiani, tulipata habari zake Sur. Ilisimama miaka mbele ya duka la samani, mpaka mwenye duka akamwuzia mgeni mmoja, ikafunguliwa, ikatiwa kontena. Nchi gani, hajui. Anayo picha tu, watoto wake wamepangwa juu ya bawa. Lakini ilikuwapo na picha nyengine ukutani, ya siku ya kukabidhiwa zawadi, washindi watatu mmesimama pamoja. Wewe uko katikati, umeinua kidevu. Mwenye duka akaweka kidole juu ya mtu wa kulia kwako. "Huyu ni wa Jalan Bani Bu Ali," akasema. "Alikuwa na shamba."

Tukenda. Mtu yule naye keshafariki, lakini mkewe yupo, anaitwa Bi Shamsa. Alitupa kahawa kwanza, akatusikiliza, kisha akatupeleka shambani. Ndege iko ndani ya mitende, chini ya banda la makuti ambalo Bi Shamsa alimjengea mumewe alipokuwa hawezi tena kukaa nayo juani. Rangi imebabuka, kioo cha rubani kimeingia ukungu, lakini imesimama kwa miguu yake. Nikamwuliza kwa nini hakuiondosha. Akasema, "Wanangu wanaona haya. Wanasema watu watacheka. Nikawaambia, wakicheka watanyamaza. Ilikuwa ya baba yenu."

Baba, sikuweza kumtazama.

Ami Said alikuwa ameshazunguka upande wa mkia. Nikamsikia ananiita mara moja tu. Alikuwa amefuta vumbi kwa pembe ya kilemba chake. Namba kumi na saba.

Ilikuwa Jalan. Kutoka Sur ni kama saa moja tu. Miaka yote hiyo ulipokuwa ukiniomba nikupeleke Sur, kumi na saba yako ilikuwa pale, na Bi Shamsa angekukaribisha kahawa. Lau ningekukubalia mara moja. Lau ningekwenda hata peke yangu, kwa kukudanganya vizuri zaidi, ningeuliza, ningeambiwa. Ungeigusa. Sikujali hata kule kuuliza, na hilo linanichoma kuliko kule kuuza. Ami Said alitia mkono wake juu ya bati akaulaza pale. Mie sikutia wangu. Nilijiona sina haki.

Hamed nimeshamwambia. Akasema, "Zuwena, usinipigie wiki hii." Wiki zimekwenda tano. Juzi alinitumia ujumbe mmoja, anauliza njia ya kwenda shamba la Bi Shamsa. Nimemwandikia njia, sikuongeza kitu.

Watu wa Ibra bado wanakusifu. Nilipokwenda kwenye hitma yako, bibi mmoja alinishika mkono mbele ya wanawake wote akasema, "Hongera, baba yenu kawaachia watoto wa Sur kumbukumbu." Nikamwambia pale pale ilivyokuwa. Mkono wake ukaniachia pole pole. Wengine wakajitia kutazama sahani zao. Nilikaa mpaka mwisho, nikaosha vyombo pamoja nao, hakuna aliyenisemesha. Nilistahiki.

Nakuomba radhi, Baba. Najua ulimi wa kunipa radhi umeshakwenda nao udongoni, na mtoto mwenye akili huomba radhi mzee wake anasikia. Mungu akusamehe makosa yako, ambayo siyajui, na akulipe kwa yale niliyokufanyia, ambayo nayajua yote.

Kwa heri, Baba. Ahadi yangu ni moja, kwa kuwa nyingi nilikupa nikazivunja: yeyote atakayeniuliza habari za ndege yako, awe mkwe, awe mtoto, awe mgeni wa kupita, nitamwambia iliuzwa na mimi, na wewe ulikufa hujui.

Binti yako,
Zuwena