Ng'ombe Wasiende Ipililo

Kwako baba yangu mpendwa, Mzee Maduhu,

Mwangaluka baba. Nimeiandika salamu hii kisha nikaisema kwa sauti, ingawa huku hakuna wa kunijibu. Mmeamkaje? Miguu ya mama ina nafuu? Mimi ni mzima, ila baridi ya Uingereza na upweke vimenizoea. Naweza kumaliza Jumamosi na Jumapili sijafungua mdomo.

Barua yako imefika. Pole kwa ng'ombe wa jirani wanaokohoa, na kwa josho lililokauka tangu serikali ijitoe kwenye kuliendesha. Siku hizi hata chanjo mpaka ununue. Unasema utafanya kama mwaka ule wa ukame: utawagawa ng'ombe wetu kwa marafiki zako wa Ipililo na Nassa wakufugie, ili hata wakifa hapo nyumbani, wengine wapone kule. Baba, niliposoma hivyo nilichukua kalamu papo hapo.

Uliwahi kunicheka, ukauliza tangu lini mtu akapelekwa Ulaya kuhesabu ng'ombe wasiokuwepo. Ndiyo kazi yenyewe. Naiambia kompyuta: homa ya mapafu imeingia zizi moja, mnada umefungwa, haya, wilaya itapata hasara gani? Mwalimu wangu alidhani kila mtu hulaza ng'ombe wake kwake. Nikamweleza desturi yetu ya kuwekeana mifugo kwa marafiki, nikaiingiza kwenye hesabu. Hasara ikatoka zizini, ikafuata urafiki wa mtu mpaka kwa waliomlisha wakati wa njaa. Ukame ulibaki nyuma ng'ombe walipoondoka. Homa hii inaondoka nao, na anayeonekana mzima anaweza kuwa nayo.

Najua wakibaki pamoja huenda tukawakosa wote, na mahari ya kaka Masunga imo humo. Nimelia kwa ajili yake. Lakini usiwatoe.

Nisalimie mama, Masunga, na shangazi anayeuza dagaa Lamadi. Mwambie hapa samaki hawana hata harufu.

Barua hutambaa, baba, na wewe huna subira. Kama umeshawapeleka, nenda mwenyewe ukawaambie marafiki zako wawatenge ng'ombe wako. Najua ni aibu kwa mzee. Wakikasirika, sema ni binti yako amekutuma, wanitukane mimi. Angalau nitakuwa nimetajwa nyumbani.

Mwanao akupendaye,
Minza