Bandikeni Hivi Hivi

Mkunazini, Unguja
10 Agosti 2025

Kwa shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua hii nnaituma kwa simu ikufike leo leo. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Hofu yetu ni kwako huko Maskati, na kwa dada Faiza na tumbo lake. Bado tu? Mwambie mtoto atoke, jina linamsubiri.

Dukani mwiko unazunguka kama ulivyouacha, ila wanunuzi wamepungua. Watu siku hizi huichagua halua kwenye simu kwanza, na ukurasa wetu wa Instagram una picha moja tu, ya kibao cha duka, nayo imekaa upande. Jirani Tahir kaja tena. Anautaka mlango wetu wa duka auzie vinyago, na nnajua umemwambia mtazungumza mwezi wa maulidi ukipita. Shangazi, mimi nimekulia nyuma ya sufuria ile. Sitaki kuona twiga wa mti wamesimama pale.

Nina ombi moja. Waachie wafanyakazi waandike wenyewe kwenye ukurasa. Silima aeleze anavyokoroga, Bi Mize anavyofunga, na Kurwa, unaujua mdomo wake mbele ya wateja, aandike alitakalo. Mimi nnawaamini.

Mwanao,
Rukaiya


Maskati
13 Agosti

Mwanangu Rukaiya,

Marahaba. Wazima sisi, joto tu. Mtoto kakaa huko ndani kama mgeni asiyejua kuaga.

Ombi lako sikulikubali. Na huo mdomo wa Kurwa ndio kabisa! Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ukijikwaa kwenye simu unaonwa na dunia nzima. Jina la duka ni la marehemu babu yako, halichezewi. Maneno nitayaleta mwenyewe kwenye grupu la duka, nanyi mtayabandika hivi hivi, bila kupunguza wala kuzidisha hata nukta. Mkabidhi Silima kazi hiyo, ana mkono mwepesi wa simu.

Maulidi yakipita na duka halijainuka, Tahir atapewa mlango. Sikufichi.

Shangazi yako,
Salhiya


Mkunazini
24 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote. Kaa kitako kwanza, ndipo usome.

Jana alfajiri ulituma maneno kwenye grupu. Huenda umeyasahau, kwa hiyo nnayarudia:

"Asalaam aleikum wanangu. Bandikeni hivi hivi. Halua yetu ni ya asili, tamu na safi, karibuni nyote. Silima, usikoroge na simu mkononi, utakuja kuitumbukiza sufuriani. Mize, mgongo vipi? Kalia kiti changu chenye mto, si kigoda. Na wewe Kurwa, mtu akionja vipande vitatu asinunue, mpe cha nne. Huenda ana njaa na anaona haya kusema."

Silima kabandika yote, Shangazi. Yote, mpaka salamu. Nilipomuuliza kanijibu, "Si kasema tusipunguze hata nukta? Basi mie nipunguze nna roho ngapi?"

Mji mzima ushasoma. Bi Mize kajifunika buibui mpaka macho. Nifute? Nijibu upesi.

Mwanao,
Rukaiya


Mkunazini
6 Septemba

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Hujajibu, na sijui ni hasira au ni dada Faiza. Tunamwombea kila sala. Wacha nikwambie yaliyotokea, kisha unigombe.

Sikufuta. Asubuhi ile ile niliyokuandikia kaingia mama mmoja wa Kiwengwa, na kabla ya kuuliza bei kauliza, "Mgongo wa Bi Mize vipi?" Tangu hapo kila mtu ni hivyo hivyo. Bi Mize kaletewa dawa za kuchua za kufungulia duka la pili, na kwenye kiti chako sasa anakaa, maana wateja wanamchunga. Wazee wa barazani wanakuja kuonja vitatu, kisha wanasimama kimya wakitazama dari. Kurwa anawapa cha nne, wanacheka, halafu wananunua.

Tena kuna hili. Mtu mmoja aliandika ukurasani kwamba sisi waongo, hakuna duka la kugawa bure. Kabla sijamzuia, Kurwa keshamjibu: "Njoo uonje, kaka. Lakini kwa saa hiyo uliyovaa kwenye picha, cha nne utakinunua." Kaja! Kacheka mpaka kakaa chini, na kaagiza halua ya harusi ya dada yake Kizimkazi. Maulidi ya juzi Silima kakoroga mpaka mikono imemvimba, na bado watu tuliwarudisha mikono mitupu.

Tahir kapita na futi yake ya kupimia mlango. Kakuta foleni, kaikunja futi, kajipanga na yeye.

Sasa nigombe.

Mwanao,
Rukaiya


Maskati
10 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Faiza kajifungua mtoto wa kike, wote wazima, alhamdulillahi!

Nilinyamaza kwa ajili ya mtoto, na pia kwa kuona haya. Nilikuwa tayari kukuamuru ufunge ukurasa. Lakini wanawake wa kwetu walioko huku wakaja kumtazama mzazi, wengine hata siwajui, na kila aingiaye ananiuliza, "Wewe ndiye Bi wa cha nne?" Nikamsomea Faiza majibu ya Kurwa. Kacheka huku kashika nyuzi zake za mshono, ananiomba ninyamaze.

Silima nimemwachia moto, Mize kisu, Kurwa sanduku la fedha, na sikuwahi kukosa usingizi. Maneno tu ndiyo niliyowanyima. Nimekosa, mwanangu. Ukurasa ni wao. Tahir nishamwambia akatafute mlango mwingine.

Nimemtumia Kurwa salamu za kumtangaza mtoto. Akiona zinafaa, abandike. Asipoona, basi.

Shangazi yako,
Salhiya


Mkunazini
Siku hiyo hiyo

Shangazi,

Shikamoo, na hongera! Vigelegele vyetu vimemtoa Tahir dukani kwake.

Kurwa kasoma salamu zako. Anasema zinafaa, ila umesahau kuuliza mgongo wa Bi Mize. Kaongeza mwenyewe.

Mwanao,
Rukaiya