Jina la Babu Kabla ya Maji

Kitui mjini,
Jumanne.

Kwa Baba mpendwa, Mzee Nzomo Jonah,

Pokea salamu zangu, wewe na mama, mwaitu wangu. Natumaini goti limepoa na mvua ya Kikima haijaozesha maharagwe. Mimi mwili hauna shida. Ningepiga simu, lakini wewe huiweka spika na nyumba nzima ikasikia, na hili nataka ulisome peke yako kwanza. Tafadhali keti.

Najua mnajiandaa kwa Jumamosi. Mwaitu ameniambia ameshaazima sufuria za kanisa, na kina Kimeu nao wameshapata mbuzi wa ntheo, ambao ukishawapokea mimi nahesabika mke wa Kimeu. Baba, ntheo haitakuwepo.

Unakumbuka nilipomleta Kimeu nyumbani, mwaitu akashtuka kusikia jina lao la ukoo pia ni Jonah, kama letu. Wewe ulicheka. Ukatusimulia tena habari za ubatizo wa Babu: darasa zima lilipangwa mstari, mhubiri mzungu akafungua Biblia pale manabii wadogo wanapoanzia, wa kwanza akawa Hosea, wa pili Yoeli, na Babu kwa kuwa alisimama wa tano akatoka majini akiwa Yona, mzungu akaandika Jonah. Ndiyo maana jirani zetu ni kina Habakuki, maskini, kwa sababu mzee wao alichelewa kuamka. Mimi nami, si unajua mdomo wa mwalimu wa historia, nikamwambia mwaitu kwamba majina ya Waebrania yaliingia Ukambani kwa njia ya ubatizo, yakawa ya ukoo watu walipoenda kuchukua vitambulisho na karani akataka jina la baba. Kina Isaka, Samueli na Danieli wamejaa kutoka Mwingi hadi Malili, na kama wote ni ndugu basi hakuna atakayeoa. Isitoshe, Kimeu alisema mbai yao, ule ukoo mkubwa ambao watu wake hawaoani, ni Atangwa, na sisi ni Aombe. Mwaitu akaridhika, akaenda kupika chai.

Jumapili nilienda Kalamba kumsalimu susu yake Kimeu, Kasiva, mama ya baba yake. Ni mkongwe, macho yameisha, lakini masikio yako sawa kabisa. Tulikuwa tunakula muthokoi kaka mkubwa wa Kimeu alipoingia kutoka shambani, na mtu akamwita Mbithi. Kimeu huwa anamwita Bro tu, kwa hivyo jina hilo sikuwa nimewahi kulisikia. Nikasema kwa utani kwamba hata kaka yangu ni Mbithi, amerithi jina la babu.

Susu akaacha kutafuna. Akaniuliza babu yupi. Nikamjibu ni baba ya baba yangu, wa Kikima, aliyeitwa Mbithi kabla ya maji na Jonah baada ya maji. Akanyoosha mkono, akanipapasa uso taratibu, kisha akauliza kama yule mwanamke aliyebaki aliitwa Mutindi. Baba, aliuliza jina la mama yako.

Akaomba wengine watoke. Tukabaki mimi, Kimeu na baba yake, Mzee Muli. Susu alisema Babu alikuwa na wake wawili, Mutindi na yeye. Kanisa likamwambia mwanaume wa wake wawili haingii majini, na yeye kwa kuwa alikuwa mdogo ndiye aliyerudishwa kwao. Aliondoka na mimba ambayo hakuwa amemwambia mtu. Mbuzi wake wa ntheo hawakurudishwa, na hakuna aliyewadai, kwa hivyo wewe mzee wa kanisa na mzee wa ukoo pia unajua maana yake: hakuachika, na mtoto ni wa Aombe. Mtoto huyo ndiye Mzee Muli; alilelewa na mjomba, ndiyo maana wanajiita Atangwa. Lakini siku ya kitambulisho, karani alipouliza jina la baba, Susu alimwambia mwanawe aseme Jonah. Alisema jina lililomtoa kwake na lifanye kazi hata hiyo. Na mjukuu wa kwanza akampa jina la nyumbani la Babu, Mbithi, kama desturi inavyotaka.

Kwa hivyo nilijitia kujua. Nilisema Jonah haithibitishi kitu, na kweli haikuthibitisha. Ni Mbithi iliyotuumbua.

Kimeu alinisindikiza barabarani akitembea mbali kidogo na mimi, vile watu hutembea na dada zao. Alisema heri nisingetaja jina la kaka yangu. Sikufichi kitu, Baba: njia nzima hadi Kitui nilifikiria kunyamaza. Susu amezeeka, Mzee Muli ni mpole, nani angesema? Nimelia mpaka kichwa kinaniuma. Nampenda, na sitaolewa naye.

Nataka kukuuliza kama ulijua, kisha naogopa jibu. Siku ile ulicheka sana.

Mzee Muli hajataja shamba, na najua ndilo utakaloliwaza kwanza, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wako. Aliniuliza jambo moja tu, kama Babu alikuwa na sauti ya kuimba, kwa sababu yeye huimba na hajui aliitoa wapi. Nilimwambia kanisani Babu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Akageuka akatazama ukuta.

Sufuria msirudishe. Jumamosi watakuja, na mbuzi pia, lakini safari hii ni ndugu yako anayekuja kwao. Susu Kasiva atakuwa mbele. Amesema hatashuka garini mpaka mtoto wa Mutindi atoke nje amwite mwaitu.

Msalimie mama, umweleze mwenyewe, usiniachie mimi. Mungu akulinde hadi tuonane.

Ni mimi binti yako,
Ndila wa Nzomo wa Mbithi