Kompyuta Isifunikwe Tena

Baba Nalepo,

Usizime kompyuta! Programu bado inakagua diski na kunakili mafaili kwenye flashi.

Asubuhi uliposema tuiuze kama chuma chakavu niliumia, ndiyo maana sikukusindikiza hata mlangoni. Kumbe ilikuwa inajizima kwa sababu ya kuchemka tu. Kitambaa alichotufumia marehemu mama yako kilikuwa kimeziba matundu ya hewa. Nasi tunaifunika hata ikiwa imewashwa, eti tunaitunza!

Kitambaa ~~nimekitupa~~ nimekitandika kwenye kochi. Usithubutu kukirudisha.

Ndizi ziko jikoni, pasha. Ukishakula, fungua flashi. Faili la kwanza kuokolewa ni video ya kipaimara cha Nalepo. Mama yako anaimba. Ongeza sauti, nitakusamehe.

Mama Nalepo