Wacera Amemkumbatia Baba Mkwe

Nyambu, uko? Wacera amemkumbatia baba mkwe. Amemkumbatia bana, kifua kwa kifua!

Si unajua leo alitoka Kitale kwenda Kabuchai kujulishwa kwa kina Wangila, mchumba wake. Hofu yake ilikuwa moja tu, wasije wakamkataza kurudi Uswidi kucheza mpira.

Sasa huko kwa kina Wangila, mke wa kijana hamgusi baba mkwe, hata mkono hampi. Wangila alikuwa amemwambia. Lakini Uganda, Uturuki, Uswidi, kote alikocheza, mechi ikiisha ni kukumbatiana. Mzee Nyongesa, babake Wangila, aliposimama tu kumkaribisha, mikono ya Wacera ikamtangulia.

Shangazi yake Wangila akashika kichwa. "Wuui! Ati amemshika mzee!"

Wacera akajua mpira wake umeishia hapo.

Mzee akajipangusa koti polepole. "Mwiko umevunjwa. Lazima alipe faini."

"Mbuzi!" shangazi akasema.

"Mbuzi ninao. Mimi nataka jezi atakayochezea huko Uswidi mwaka ujao. Na asinipe mkononi, ampe mama Wangila aniletee."

Nyambu, Wacera alilia. Halafu akaenda kumkumbatia tena, ikabidi Wangila amdake kiunoni.