Bibi ya Chuma

Kijana wangu Kamau amekufa. Lori ya jeshi ilipinduka na yeye, na leo tumemzika hapa Theta.

Wanajeshi wenzake wamekula chakula yetu wakibishana bastola gani ni poa, ile ya zamani ya chuma ama hii mpya ya plastiki. Mmoja akaniambia, "Mzee, bastola ya mwanajeshi ni bibi yake. Kamau alikataa ya plastiki."

Wanjiru, bibi ya Kamau, sasa mjane, alikuwa anawawekea chai. Akauliza, "Na huyo bibi mwingine mbona hajakuja kulia?"

Wajinga. Hiyo bastola ilikuwa kwa kiuno ya Kamau lori ikipinduka. Ikasaidia nini?

Mimi nilizika bibi yangu. Hawa wanacheza na hilo jina.

Kesho narudi kazi yangu ya mjengo, kujenga manyumba huko Membley.