Ramani Yenye Nilibandika ku Mulango

Kitwe, mvua zimeanza

Mama wangu mupenzi,

Yambo sana. Unaamuka namna gani? Na ile goti, inakuacha ufike ku kanisa? Minye niko muzima. Natengeneza vitanda vya chuma kwa fundi moja wa hapa, tunakula mara mbili kwa siku, namushukuru Mungu. Nyumba inavuja, lakini ndoo ziko. Mudogo wangu Kabwe akusomee polepole kama kawaida yake, asiruke neno.

Mama, dereva wa lori alinifikishia habari yako. Eti jamaa ya Numbi, muchumba wa Kabwe, balirudisha jembe na kitenge vya mahari vyenye tulipeleka, juu banasema Kabwe njo aliuzisha kilima kwa bachimbaji, na mutoto wao hataolewa na mwizi.

Si Kabwe, Mama. Ni minye.

Unakumbuka wakati biro, ile ofisi ya serikali, ilikuwa ingali inatulipa, nachora ramani pale Likasi. Mukubwa wetu alituambia yale maua madogo ya bluu ya kilima chetu hayaoti fasi ingine ya dunia, na sheria itayalinda: muntu asilime pale, asichimbe. Nilifurahi sana! Kilima chetu mu sheria! Nilipanda na Kabwe, sababu alichunga mbuzi pale, anajua kila jiwe. Yeye alibeba kamba na ndoo ya rangi nyeupe ya mipaka. Kila fasi yenye maua, minye natia musalaba ku karatasi.

Sasa sheria inaomba plan, ile ramani yangu, ibandikwe fasi batu bote bataiona, mwenye neno aje aseme. Nilibandika ku mulango wa biro, na mukono wangu, misumari ine.

Mama, wazee wenu bale bayeyushaji wa mukuba, ile shaba yetu, balifuata nini mbele ya kuchimba? Si ile ile maua? Pa maua pana mukuba. Minye, mutoto wa pale, nilisahau! Kiwanda cha mukuba kilikuwa kimesimama, njaa iko mu kila nyumba. Batu ba Kamatanda, bachimbaji wa pale karibu, bakasoma misalaba yangu. Moja akacheka mbele yangu: "Aksanti serikali, mulitupunguzia kazi." Mwezi haukuisha, kilima kikafunguka tumbo, na shamba la mahindi la muyomba wa Numbi likakanyagwa lote. Maua hakuna tena, hata moja.

Siku ya mukutano wa kijiji, ule muyomba akauliza nani alionyesha bachimbaji njia. Muntu moja akasema tulimuona Kabwe na ndoo ya rangi. Kabwe akanitazama, Mama. Akangoja niseme. Batu balikuwa banasimama kunisalimia, "Patron, Patron," na ile heshima ilinifunga kinywa. Nikatazama viatu vyangu. Nikasema, "Minye sijui, niko muntu wa biro tu." Kisha Jumamosi moja ya posho nikashika njia ya Kasumbalesa, nikavuka mupaka. Munasema nilifuata kazi. Hapana, nilikimbia macho ya mudogo wangu. Haya inanila mpaka leo.

Nisalimie dada yetu na batoto bake, na mama mudogo mwenye anauza mihogo pa barabara, aniombee. Nisalimie muyomba wa Numbi, hata kama hataki. Peleka hii barua kwake, aite bale bote balikuwa pa mukutano, isomwe mbele yao.

Na asome Kabwe. Mudogo wangu, najua hii sauti ni yako, hakuna mwingine mwenye anasomeaka Mama. Siku ile ulikuwa na jina langu mu kinywa, ukalimeza juu niko yaya wako, kaka yako mukubwa. Leo usilimeze. Simama, soma kwa nguvu mpaka mwisho:

ni minye Kasongo, mutoto mukubwa wa huyu mama, mwenye alichora, akabandika, akanyamaza.